Tarehe ya Moto

Kwa lugha ya ofisi za misitu, moto unaotembea porini bila mtu wa kuusimamia unaitwa moto kichaa. Ni jina zuri kwa bango. Linashika kichwani, linatisha watoto, na linaenea vizuri kwenye kipande cha bati kilichopigiliwa mtini kando ya barabara. Kasoro yake ni kwamba linaufanya ukichaa uwe tabia ya moto wenyewe, kana kwamba uliamka asubuhi umerukwa na akili. Baba yangu mdogo anafuga nyuki kwenye miombo ya Sikonge, kusini mwa Tabora, tangu kabla sijazaliwa, na sijawahi kumsikia akilitumia jina hilo. Akiambiwa pori fulani limeungua, swali lake la kwanza huwa moja: "Lini?"

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni swali la mtu mzima anayetaka kujaza mazungumzo. Ilibidi nifike mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya misitu ndipo nikakuta kwamba watu wametumia miaka mingi na fedha nyingi kuuliza swali hilohilo.

Mvua za Tabora hukatika kati ya mwisho wa Aprili na Mei, na hazirudi mpaka Novemba, au mwisho wa Oktoba mwaka ukiwa na huruma. Miti ya miombo haisongamani vilele kama msitu wa mlimani. Jua linapenya hadi chini, kwa hiyo chini ya kila mti kuna nyasi, na masika zinakupita kimo. Kufikia Agosti nyasi hizo zote ni kuni nyembamba zilizosimama wima. Mchwa hawawezi kuzimaliza, ng'ombe hawafiki kote. Mrina asali ataangusha cheche, mchoma mkaa atalala usingizi, msafiri atatupa kichungi cha sigara, mfugaji atataka majani mabichi kwa ajili ya mifugo yake, au radi ya mvua za kwanza itamaliza kazi. Mtu akikwambia miombo inaweza kukaa miaka yote bila moto, muulize nani atakaa huko kuulinda.

Sasa linganisha mioto miwili katika pori lilelile. Wa kwanza unawashwa mwishoni mwa Mei. Nyasi bado zina maji ndani, juu njano na chini kijani. Moto wake ni mfupi, unafika magotini, unatambaa, unaruka penye kivuli, ukifika kwenye mbuga yenye unyevunyevu unakufa. Jua likizama hewa inapoa, umande unashuka, na moto unalala wenyewe bila kumwagiwa hata kikombe cha maji. Nyuma yake unaacha viraka: hapa peusi, pale pana nyasi zake kama kawaida. Viraka vile vyeusi vinabaki kiangazi chote kama barabara za moto ambazo hakuna aliyelipwa kuzilima.

Moto wa pili unawashwa Septemba. Hapa inabidi nieleze tabia moja ya miti ya miombo ambayo bado inanishangaza. Haisubiri mvua. Ardhi ikiwa imekauka kabisa, wiki kadhaa kabla ya wingu la kwanza, inatoa majani mapya kwa kutumia akiba iliyoko shinani na mizizini, majani mekundu ya rangi ya shaba, mpaka ukiwa mbali unadhani kilima kinaungua. Miyombo mingi inachanua kipindi hichohicho, na nyuki wanajua. Moto ukipita hapo, mti uko katika hali ya mtu aliyetoka benki na pesa zote mfukoni akakutana na mwizi mlangoni. Akiba imetoka, na ilichonunua kimeungua. Upepo wa Septemba ni mkali, nyasi hazina tone la maji, ndimi zinafika kwenye matawi, na usiku hauna umande wa kusaidia.

Mwaka 1933, karibu na Ndola, katika nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini, wataalamu walianza kugawa miombo vipande vipande. Vingine vikachomwa kila mwaka mapema, vingine kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, vingine vikazuiwa moto kabisa. Colin Trapnell alichapisha matokeo mwaka 1959. Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi miti mikubwa ilipungua mwaka hadi mwaka, mpaka pori likageuka uwanda wa nyasi wenye miti michache sugu. Palipochomwa mapema miombo ilibaki miombo. Palipozuiwa moto kabisa pori lilifunga, na miti ya msitu mnene ikaanza kuingia.

Msomaji makini atasema: basi njia ya tatu ndiyo bora. Ni bora, kama unalinda kipande cha majaribio chenye barabara ya moto pande zote nne na mtu wa kukitazama. Kwa pori la ukubwa wa wilaya, lenye kamati ya watu kumi na mbili na baiskeli tatu, kuzuia kabisa ni jina jingine la kuahirisha hadi Septemba.

Mti ambao naona ulisoma majaribio haya kabla hayajaandikwa ni mninga. Mche wake hufa juu karibu kila kiangazi. Mvua zikirudi unachipua tena kutoka mizizini, unakufa tena, unachipua tena, miaka na miaka, huku mzizi ukinenepa chini kwa siri. Siku mzizi ukiwa na nguvu za kutosha unarusha shina moja juu haraka, liupite moto kimo, na kuanzia hapo una mti. Unaweza kukanyaga mninga wenye umri wako ukadhani ni jani la msimu huu.

Babu yangu, kwa maelezo ya baba mdogo, alizaliwa wakati kaya za Wanyamwezi zilikuwa zimetawanyika porini, kila mji na mashamba yake, kila mji ukichoma nyasi zinazouzunguka mara tu zinapoanza kukauka, ili nyoka wasisogee na moto wa wengine usije ukakuta njia. Hakuna aliyeita kazi hiyo usimamizi wa misitu. Ilikuwa kazi ya nyumba, kama kufagia. Kisha serikali ya mkoloni ikaanza kukusanya watu wa magharibi katika makazi maalumu kwa ajili ya kupambana na malale. Baada ya uhuru, miaka ya 1970, likaja zoezi la vijiji vya Ujamaa. Sina haja ya kubishana hapa kuhusu malale wala Ujamaa. Ninachosema ni kwamba kila mara watu walipotolewa porini, mikono iliyokuwa inachoma vipande vidogo vidogo ilitoka nayo, na nyasi zikabaki.

Kuna kipande kingine cha historia hiyo ambacho hakikuwa kwenye somo letu la moto, nimekiokota pembeni. Miaka ya 1920 kule Shinyanga, Charles Swynnerton, mkuu wa vita ya serikali dhidi ya mbung'o, alitaka moto wa mapema uzuiwe. Lakini hakuwa na nia ya kuokoa miti. Alitaka nyasi zisubiri zikauke kabisa, kisha watu wachome kwa pamoja mwishoni mwa kiangazi, ili moto uwe mkali wa kutosha kuua vichaka wanamojificha mbung'o. Kwa maneno mengine, aliyetaka kuangamiza pori alianza kwa kupiga marufuku moto wa Mei. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktaba, kicheko kibaya, kwa sababu nilikuwa nafahamu kijiji ambacho kimepiga marufuku hiyohiyo kwa nia ya kuokoa pori.

Baba mdogo anachoma hivi. Kwanza anasubiri mwezi wa tano uishie. Anachukua nyasi mkononi, anakunja. Zikivunjika kwa mlio, amechelewa; zikipinda kama kamba, bado; anachotaka ni nyasi inayopinda ikapasuka kidogo kwenye kona. Anatoka nyumbani saa kumi jioni. Anazitembelea kwanza barabara, mbuga na mashamba yaliyokwisha kuvunwa, kwa sababu moto wake unaanzia mahali ambapo hauwezi kurudi. Halafu anawasha kwa kienge cha nyasi, akiupa upepo uso, moto urudi nyuma polepole dhidi ya upepo badala ya kukimbia nao. Anawasha kidogo, anaangalia, anawasha kidogo. Wanangu wadogo wa ukoo wanatembea nyuma yake na matawi mabichi. Kwenye miti yenye mizinga anakuwa amelima duara kwa jembe siku iliyotangulia. Saa mbili usiku wanarudi wanakula. Nimetembea naye jioni hizo nikiwa na umri wa miaka tisa au kumi, na kumbukumbu kubwa niliyonayo ni ya kuchoshwa: kazi ilikuwa taratibu mno, hakukuwa na kitu cha kusimulia shuleni.

Miaka michache iliyopita kijiji kikapitisha sheria ndogo. Hakuna moto porini, mwezi wowote, kwa sababu yoyote. Atakayekamatwa atalipa faini na kupelekwa mbele. Aliyeileta hoja alikuwa mgeni wa semina, mwenye picha za kutisha, na kila picha ilikuwa ya kweli. Baba mdogo alinyoosha mkono akauliza swali lake. Akajibiwa kwamba moto ni moto.

Akatii. Ni mtu wa kutii, mzee wa kanisa. Mwaka wa kwanza pori lilipendeza, watu wakasifu. Mwaka wa pili nyasi mpya ziliota katikati ya nyasi za zamani zilizolala. Mwaka wa tatu, Septemba, moto uliingia kutoka mashariki saa saba mchana, na kwa siku tatu hakuna aliyeweza kufanya lolote zaidi ya kuokoa nyumba. Baba mdogo alikuwa na mizinga 61 juu ya miti, mingi ya magome, michache ya mbao aliyokopea fedha. Iliungua 38. Gome la myombo likikauka miaka miwili juani linawaka kama karatasi, na nta inamalizia.

Asali hiyo ndiyo iliyonisomesha sekondari. Mwaka huo ilikuwa isomeshe chuo cha ualimu binti yake wa pili, aliyekuwa ameshapata nafasi. Alikaa nyumbani mwaka mzima. Alinipigia simu akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kulaumu yeyote, ninasoma nini hasa huko Morogoro.

Hakuna aliyetozwa faini kwa moto ule. Mwenye moto hakujulikana, na hajulikani mpaka leo. Hilo ndilo linalonikera zaidi katika marufuku ya jumla. Inamkamata kirahisi mtu anayechoma jioni ya Mei, hadharani, akiwa na jembe na watoto wa ukoo, mtu ambaye jirani anamjua kwa jina. Moto wa Septemba hauna jina. Marufuku inawaondoa wachomaji wanaoonekana na kuwaachia pori wale wasioonekana.

Wamarekani walipita njia hii kwa gharama kubwa kuliko yetu. Agosti 1910 moto uliunguza takriban hekta milioni 1.2 huko Idaho na Montana kwa siku mbili, ukaua makumi ya wazima moto, na idara yao ya misitu ikaapa kuumaliza moto kabisa. Mwaka 1935 ikaweka kanuni kwamba kila moto unaogunduliwa uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Huko California makabila kama Wakaruk na Wayurok, waliokuwa wakichoma misitu yao kwa vipande tangu enzi na enzi, walizuiwa. Walifanikiwa kuzima mioto midogo kwa miongo kadhaa, na kila uliozimwa uliacha kuni zake chini. Leo maofisa wa jimbo wanakwenda kwa wazee wa makabila hayo kujifunza kuchoma.

Nisieleweke vibaya. Si kila msitu unaotaka kiberiti. Oktoba 2020, Kilimanjaro ilipowaka na sote tukawa tunatazama mstari mwekundu mlimani kwenye simu zetu, niliona mtu ameandika kwamba dawa ni kuchoma mapema. Pale si dawa. Andreas Hemp, aliyeufanyia utafiti mlima ule kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba kupotea kwa msitu unaokamua maji ya ukungu kunaumiza maji ya mlima kuliko kuyeyuka kwa barafu ambako watalii wanakulilia. Msitu wa ukungu haukukulia motoni. Mashamba ya misonobari ya Sao Hill nayo yana hesabu zake. Hata kwenye miombo, ukichoma mapema palepale kila mwaka, miche haipati nafasi ya kukua. Inafaa kuzungusha vipande, kimoja mwaka huu, kingine mwakani. Baba mdogo nilipomweleza hilo alisema wao hawakuwahi kuweza kuchoma pote hata wangetaka, nyasi zilikuwa zinawashinda. Mzunguko wao uliletwa na uchovu.

Wala serikali haijasema moto ni moto. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina masharti yake kuhusu kuchoma uoto, na inachotaka ni ruhusa na jirani kujulishwa. Kilwa kuna vijiji vinavyosimamia misitu yao vikisaidiwa na Mpingo Conservation and Development Initiative, vilivyopata cheti cha FSC mwaka 2009 na kuuza magogo kihalali, na huko uchomaji wa mapema umekuwa sehemu ya mpango wa kulinda msitu. Yaani mlango upo. Nilichotaka katika utafiti wangu ni kuona mtu wa Sikonge akipita kwenye mlango huo na jembe lake.

Kwa hiyo mwezi wa pili mwaka jana nilikaa na kamati ya maliasili ya kijiji. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakamgeukia baba mdogo, wakamwambia mzee, wewe ndiye unajua. Mkutano wa kijiji ulirekebisha sheria ndogo baada ya ubishi wa saa tano, mkali zaidi ukiwa kati ya warina asali na wafugaji, ambao wanataka pori lichomwe baadaye ili majani yachipue wakati malisho yameisha. Walikubaliana vipande: kaskazini ya wafugaji, kusini ya mizinga, mpaka wake korongo. Barua ya kuomba kibali iliondoka kijijini tarehe 11 Aprili, ikapita kata, ikaenda wilayani.

Mei ikapita. Mara ya kwanza tuliambiwa mhusika yuko semina. Mara ya pili barua ilikosa muhuri wa kata. Baba mdogo alikuwa akikunja nyasi kila jioni akirudi kwenye mizinga, hasemi kitu. Tarehe 3 Juni zilipasuka kwenye kona. Tarehe 20 Juni zilivunjika.

Kibali kilifika tarehe 22 Julai, kikiwa na sahihi tatu, kinaruhusu uchomaji wa mapema. Vijana wa kamati walifurahi, wakataka waanze kesho yake. Upepo ulikuwa umeshaanza kuinua vumbi kiwanjani saa nne asubuhi. Baba mdogo alikisoma kibali mara mbili, akatoka nje, akarudi na kishungi cha nyasi, akakivunja mezani mbele ya mwenyekiti.

"Mapema iliisha," akasema. "Huu mkituma leo, mtakuwa mmeuwasha kichaa kwa kibali."

Kijana mmoja alisema tusipochoma mwaka huu wilayani watatuona hatuko makini, mwakani hawatatupa. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Mwenyekiti alinitazama mimi, msomi. Nilisema mzee yuko sahihi, na kwamba nitaandika mwenyewe barua ya kueleza kwa nini kibali hakikutumika. Badala ya kuchoma, kamati ililima duara kuzunguka miti yenye mizinga, wiki mbili za majembe, na kusini pote pakabaki na nyasi zake.

Jioni kabla sijarudi Morogoro, baba mdogo aliniita tuandike ombi la mwaka unaofuata, ili lipelekwe Januari. Fomu ina nafasi ya kujaza tarehe ya kuchoma: siku, mwezi, mwaka. Aliniambia niandike siku nyasi zitakapopinda zikapasuka kwenye kona. Nikamwambia nafasi ina visanduku vinane tu. Tulikubaliana 28 Mei, na pembeni, nje ya visanduku, nikaandika maneno yake kwa herufi ndogo. Alinitaka niyasome kwa sauti, kisha akapiga sahihi.